Uta Uliokesheshwa Majuma Matatu

Babu yangu Sedekia alilima viazi na pareto kwenye mteremko juu ya mji wa Mbeya. Alikuwa mzee wa kanisa asiyependa kuimba, na mbishi kuliko wote milimani. Alijulikana zaidi kwa kutengeneza mata, yaani pinde za mishale. Ole wako useme ni ya kuwindia! Utakalishwa kwenye kigoda, uelezwe mpaka uji upoe.

Mimi ni mjukuu wake, kwa hiyo kwa utani aliniita "mke wangu". Mwaka 1956 nilikaa kwake na mwanangu wa kwanza, Tupokigwe, mume wangu akiwa machimboni Makongolosi. Kila nikimnyonyesha mtoto, Babu alipata msikilizaji asiyeweza kukimbia.

"Mke wangu, zamani tulikuwa na vijiuta vya digidigi tu. Wakaja watu wenye ngao za ngozi ya ng'ombe. Mishale yetu ikanasa kwenye ngozi kama kupe, wenyewe wanacheka. Baba yangu akasikia kwamba upande wa Chunya kuna mata marefu, mazito. Akaenda akamlimia mtu shamba msimu mzima ili afundishwe. Hatukubuni sisi. Tulijifunza."

"Na ngao, Babu? Mshale mzito unaitoboa?"

"Nani atoboe ngao? Ngao inafunika kifua. Magoti yanafunikwa na nini?"

Aliniambia baba yake na wenzake wanne walisimama kwenye njia kati ya mawe mawili asubuhi nzima, wakiwapiga wale watu mishale ya magotini, mpaka akina mama na ng'ombe wakafika juu. Babu alikuwa mtoto mgongoni mwa mama yake siku hiyo. Lakini waliosoma walimwambia wazee walipigana kwa vijiti. Hata mwalimu wa shule yetu alisema hivyo, na Babu akagoma kumsalimia mwaka mzima. Alichotaka ni kimoja: baba yake aaminiwe.

Ndiyo maana karani Gideoni alipopanda kwetu kuomba uta wa kale kwa maonyesho ya wilaya, Babu alimchinjia kuku. Karani alisema maonyesho yakiisha, vitu vitapelekwa Dar es Salaam kwenye jumba la mambo ya kale, vikae huko daima. Babu akaushusha mti wa mkole uliokaa miaka miwili kwenye moshi wa jikoni. Akauchonga, akaukwangua kwa kipande cha chupa. Upote, yaani kamba ya uta, aliusokota kwa mishipa ya mgongo wa ng'ombe, mimi nimeshika ncha yake kwa kidole cha mguu huku mtoto akinyonya.

Gideoni alipokuja kuuchukua, alikunja uso. "Mzee, mbona hii ni fimbo? Mgeni atajuaje?"

Babu akauinamisha kwa goti, akafunga upote, akamwonyesha. Halafu akaufungua. "Ukifungwa, uko macho. Ukifunguliwa, umelala. Siku ya maonyesho nitaufunga mwenyewe. Umenisikia, bwana karani?"

"Nimekusikia, mzee."

Kumbe alisikia kwa masikio tu. Siku hiyohiyo yeye na tarishi wakaufunga, wakautundika ukutani ofisini. Mimi nilipita pale mara mbili nikienda kumpima mtoto. Niliuona dirishani umejipinda, nikasema moyoni, umependeza. Mpaka leo najilaumu.

Siku ya maonyesho Babu alivaa koti la kanisani. Kwenye banda nilimsomea karatasi iliyoandikwa UTA WA VITA, akatabasamu. Kisha akauona uta wenyewe.

"Nani ameufunga?"

"Mimi, mzee! Majuma matatu watu wanausifu."

Babu akaufungua. Mti haukunyooka. Ulibaki umepinda kama mgongo wa mzee. Akaupapasa kama mtu anayepima homa ya mtoto. "Umemkeshesha," akasema. "Umemuua."

"Si mti tu, mzee? Watu wanasubiri."

Hatua arobaini mbele walisimamisha ngozi ya ng'ombe kama ngao, na chini yake vijiti viwili kuwa magoti. Nilimshika Babu mkono. "Mume wangu, twende nyumbani." Akatazama watu, akatazama ile karatasi.

"Nikienda, watasema tulikimbia."

Mshale wa kwanza haukufika nusu. Uliteleza kwenye majani. Mwantumu, muuza maandazi, akapaza sauti: "Mzee, huo wa vita au wa kukunia mgongo?" Uwanja ukacheka. Wa pili uliigusa ngozi, ukaanguka chini. Babu akajaribu kueleza habari ya majuma matatu, lakini nani anasikiliza maelezo ya mtu aliyekosa? Walishahamia kwenye ng'ombe wa maziwa.

Gideoni hakuwa mtu mbaya. Alimwogopa mkubwa wake. Akabandua karatasi, akafunga nyingine kwa uzi: UTA WA KUWINDIA NDEGE.

"Nikipeleka ile karatasi ya kwanza nitaonekana mwongo, mzee. Wameona kwa macho."

"Basi nirudishie uta wangu."

"Umeshaandikwa kitabuni. Labda utengeneze mwingine. Gari linaondoka Jumatatu."

"Mti unakauka miaka miwili! Na bega hili halina miaka miwili."

"Ndiyo hivyo, mzee," akasema, akaenda kunywa chai.

Babu akakaa kwenye gunia la mahindi. Nilikasirika mpaka maziwa yakanitoka. Nikachukua penseli ya karani mezani, nikafuta WA KUWINDIA NDEGE kwa kukwaruza, nikaandika kwa herufi za darasa la nne: WA VITA. ULIHARIBIKA KWA KUACHWA UMEFUNGWA MAJUMA MATATU OFISINI.

"Umeandika nini?" Nikamsomea.

"Na magoti?"

"Nafasi imekwisha, Babu."

"Bila magoti hawataelewa. Geuza."

Nikageuza. Nyuma ilikuwa fomu ya kodi iliyokatwa, imejaa mistari na maneno ya Kizungu. Nikaanza kujibana katikati ya mistari: ULILENGA MAGOTI YA ADUI, KWA SABABU NGAO... Tupokigwe alinivuta shingo, penseli ikaruka.

"Jina la baba yangu," Babu akaninong'oneza. "Acha ngao. Andika jina lake."

Nilimwona Gideoni anarudi, kikombe mkononi. Nikaandika haraka, herufi ya mwisho ikatoka nje ya karatasi, nikaimalizia kwenye mti wenyewe.