Ugomvi Usio na Wazee

Kuna kipindi cha televisheni ninachokichukia na sijakikosa hata mara moja. Ni kile cha wanawake matajiri wa Nairobi wanaoalikana chakula, wamejipamba utadhani kila mmoja ndiye bibi harusi, na kabla sahani hazijaondolewa wameshatukanana. Mmoja hakualikwa kwenye sherehe ya mwenzake. Mwingine ameambiwa mkoba wake ni wa bandia. Basi, mambo yenyewe ni hayo. Na kwa hayo sebule ya mama yangu hapa Galbet, mtaa wa Garissa, hujaa kila baada ya Maghrib, wanawake wa mtaa wameegemea mito kwenye magodoro, chupa za chai katikati, na hakuna anayethubutu kukohoa.

Mimi ndiye mfasiri. Wanawake wale huanza kwa Kiingereza, wakikasirika huingia Kiswahili, wakikasirika zaidi huingia Sheng. Mama anajua Kisomali, na Kiswahili cha sokoni tu. Kwa hiyo mimi, na diploma yangu na kazi yangu ya ofisini, hukaa mbele kabisa karibu na kioo na kutafsiri matusi. "Amesema nini? Amesema nini?" Nikichelewa narushiwa mto.

Mwanzoni mama alikitazama kipindi kile kama kesi. Mama yangu ni mtu wa maslaha, yaani usuluhishi. Wanawake wa mtaani wakikosana, iwe ni kwa sababu ya maji, watoto au mume, huletwa kwake. Yeye husikiliza pande zote mbili, halafu hukata shauri: fulani amekosa, atoe haal. Haal ni kitu unachompa mtu uliyemvunjia heshima. Yaweza kuwa mbuzi, yaweza kuwa nguo, na kama huna kitu hata sukari inatosha. Mwenzako akishapokea, neno limezikwa, na atakayelifukua ndiye mwenye makosa mapya.

Sasa mama akawaona wale wa televisheni wakimwagiana vinywaji usoni. Akanigeukia.

"Wazee wao wako wapi?"

Nikamwambia hakuna wazee.

"Kaka zao je?"

Hakuna. Basi akaamua kesi mwenyewe: yule wa nywele nyekundu atoe mbuzi mmoja na garbasaar, ile shali yetu kubwa ya kujifunika. Tena alitaka nipige simu kituo cha televisheni ili wapelekewe habari. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, lakini yeye hakucheka. Alisikitika kwelikweli. "Mtu anatukanwa mbele ya nchi nzima na hana wa kumtetea," alisema. "Maskini, hawana watu hawa."

Natamani angebaki hapo. Lakini kidogo kidogo aliacha kuuliza habari za wazee. Alishagundua kwamba ugomvi ukiisha, kipindi nacho kimekwisha, akaanza kuchukia masikilizano. Wale wanawake wakianza kulia na kukumbatiana, sebuleni kwetu watu walinyoosha miguu, wakamiminiana chai, wakaniambia ninyamaze, hapo tafsiri haihitajiki. Mama naye alikuwa wa kwanza kuinua kikombe.

Simlaumu mtu kwa kuipenda raha ile, maana naijua. Huku kwetu ugomvi ni kitu kizito. Nimekua nikisikia habari za ugomvi wa visima na malisho, wa ukoo huu na ule, ambao ukianza watu huzikwa. Nilipokuwa mdogo nilifundishwa kutomuuliza mgeni ukoo wake kwa sauti. Halafu leo unaletewa ndani ya nyumba ugomvi wa mkoba! Hakuna atakayechomewa nyumba, hakuna barabara itakayofungwa, hakuna mama atakayengoja mwanawe asirudi. Ni kama kutazama mvua ukiwa umekaa ndani. Nami nilijiambia kwamba ugomvi mdogo haumdhuru mtu.

Kumbe tulikuwa na wetu. Mama ana ndugu mmoja tu wa kike, mama yangu mdogo, anayekaa Griftu, upande wa Wajir, na kuuza maziwa ya ngamia. Huyu ndiye aliyenilea wakati wa ukame, baba alipohama na mifugo iliyobaki na mama akamfuata. Alinisuka, alinifulia sare, alinifinya nilipostahili kufinywa. Siku moja huko Griftu kulikuwa na harusi ya binamu yetu, na mama akatuma nyirinyiri kutoka Garissa, ile nyama iliyokaushwa na kukaangwa kwenye samli ambayo bila hiyo harusi yetu ina aibu. Mama mdogo akaonja kipande, akasema mbele ya wakwe, "Hii ni ng'ombe. Dada yangu ameipa jina la ngamia." Wakwe wakacheka. Neno likafika Garissa kabla sufuria hazijaoshwa.

Mama akajibu kwa ujumbe wa sauti kwenye kundi la WhatsApp la familia. Mama mdogo akajibu naye. Kundi lile lina watu wa Wajir, wa Eastleigh, mpaka wa ng'ambo, na wengi wao hata ukiugua hawakupigii simu. Siku hizo waliamka wote. Kila ujumbe ulifuatwa na vikatuni vya kucheka. Binamu mmoja wa ng'ambo alikuwa akiuliza kila asubuhi, "Jamani, jibu bado?" Nikimtazama mama, anajirekodi, anasikiliza, anafuta, anajirekodi tena mpaka neno likae anavyotaka. Hapo ndipo nilipoogopa. Maneno yale hayakuwa tena ya kumwambia dada yake.

Mama mdogo ndiye aliyechoka kwanza. Alipanda basi Wajir, akashuka Garissa amejaa vumbi la njia ya Modogashe, akaja kwetu bila kutoa habari. Mkononi alikuwa na kopo la samli na garbasaar mpya kwenye mfuko. Bahati mbaya ilikuwa saa ya kipindi, sebule imejaa. Alivua viatu mlangoni, akatoa salamu, akapita katikati ya magodoro na kuketi sakafuni mbele ya mama, mdogo mbele ya mkubwa.

"Abaayo," alisema, kama dada wanavyoitana kwetu. "Neno nililosema harusini sikuwa na haki ya kulisema. Nimekukosea. Hii ni haal yako."

Mama alijua la kufanya kuliko mtu yeyote mtaani. Unapokea shali, unajifunika, unasema Mwenyezi Mungu atusamehe sote, mgeni anapewa chai. Aliichukua shali. Niliuona uso wake ukilegea, wallahi niliuona. Halafu akainua macho na kukuta kwamba wanawake wote wameiacha televisheni na wanamtazama yeye. Akaipapasa ile shali kwa vidole, polepole, kama mtu anayetaka kununua.

"Hii ni hariri," aliuliza, "au ni ng'ombe mwenye jina la ngamia?"

Sebule ilipasuka kwa kicheko. Kuna waliopigana vibao vya mapaja, kuna aliyemwaga chai. Aliyekuwa nyuma kabisa alikuwa ameinua simu, anarekodi. Mpangaji wetu, mwalimu aliyetoka Mwingi, ndiye pekee ambaye hakucheka. Maneno hayo niliyatafsiri kwake kwa kunong'ona, akamgeukia mama.

"Lakini huyu ni dada yako, mama."

Mama akamjibu kwa Kiswahili chake, bado anatabasamu. "Wewe mwalimu, kaa tu. Hii mambo ya sisi wewe hapana jua."

Mama mdogo alisimama, akaenda mlangoni, akawa anahangaika na kamba ya kiatu. Nilimfuata. Alikuwa alale kwa jamaa yetu mtaa wa pili, nikambebea mfuko wake wa safari. Nilikuwa na hasira mpaka masikio yananiwaka. Tulipofika getini alinishika mkono, akauingiza chini ya garbasaar yake na kuubana pembeni mwa ziwa. Nikagusa kitu kigumu.

"Wananipeleka Nairobi wakitoe," alisema. "Daktari hakunificha, anaogopa kimekaa sana."

"Kwa nini hukumwambia?"

"Nilitaka anisamehe mimi, habaryar yako, mama yako mdogo ambaye mdomo wake haufungi. Sikutaka ausamehe ugonjwa. Usimwambie mpaka basi limeondoka."

Nilingoja basi likaondoka, ndipo nikamwambia. Mama alikaa kitako jikoni. Alilia, akanifokea kwa nini sikumwambia mapema, akalia tena. Nilidhani yamekwisha, kwamba atachukua simu wakati uleule. Lakini Adhuhuri ilipofika ile video ilikuwa imeshazunguka, mtu ameiandikia juu: sehemu ya pili. Watu ambao hatuwajui walikuwa wakimsifu mama kwa ulimi. Nilimkuta anaitazama, akaifunga haraka. Baadaye nilimkuta tena. Aibu alikuwa nayo, sitamsingizia. Lakini mdomo wake ulikuwa ukifuata maneno yale ya ng'ombe na ngamia, bila sauti, na kabla kicheko hakijaanza alikuwa ameshakiandalia uso. Nilitoka nje nikasimama uani. Nilimwonea huruma, na nilitamani kuivunja ile simu.

Kila siku alisema, "Nitampigia watu wakiondoka." Na kila siku watu walikuwepo, maana mlango wetu haufungwi, na yeye hakumwambia mtu aondoke. Waliokuja sasa walikuwa wengi kuliko zamani. Walileta vitafunio. Waliuliza hali ya mgonjwa kwa sauti ya upole, na wakishaambiwa hakuna habari, walitazamana. Kipindi cha Nairobi kilikuwa kinaendelea pale ukutani, wale wanawake wanarushiana maneno, na mara nyingi nilijikuta natafsiri na hakuna anayenisikiliza.

Kisha ikaja jioni moja, kipindi kiko katikati, simu ya mama ikalia. Nililiona jina la mama mdogo kwenye kioo. Alikuwa amelazwa Nairobi, na asubuhi yake ndiyo alikuwa anaingia chumba cha upasuaji. Mimi nilijua, mama alijua, na kufikia wakati huo mtaa mzima ulijua. Mtu alizima sauti ya televisheni. Mwanzo nilidhani ni heshima. Halafu nikaona magodoro yanasogezwa, mabega yanakaribiana, wanawake wanajipanga mbele ya mama kama walivyozoea kujipanga mbele ya ukuta ule.

Mama akapokea. Akatoa salamu. Nilikuwa nimekaa ubavuni mwake, nikasikia sauti ya upande wa pili, nyembamba, imechoka.

"Abaayo, kabla sijasema ninalotaka kusema. Uko na nani hapo?"

Mama aliwatazama mmoja baada ya mwingine, kisha akanitazama mimi.

"Niko peke yangu," alisema, na hakuna hata mmoja wetu aliyetoka.