Siku Niliyomfungia Gaudiose Waifai

Intaneti ya mtu ikigoma hapa Kawajense, jina la kwanza kutajwa ni la Gaudiose. Simwiti fundi, maana hana duka wala kibao mlangoni. Ni karani wa takwimu kwenye ofisi yetu ya kuuza mbegu na mbolea, anakaa meza ya dirishani, na mimi Ambrosi nakaa meza inayotazamana na yake, mwaka wa sita sasa. Walimu wanamletea laptop zao, katekista anamletea yake, hata mwenye nyumba ya wageni ya jirani, ambaye hasalimii mtu, yeye anamsalimia.

Amezaliwa Mishamo, kwenye makazi ya wakimbizi. Wazazi wake walitoka Burundi wakiwa wadogo, na uraia wa Tanzania familia ilikuja kuupata yeye akiwa msichana mkubwa. Kompyuta alijifunzia parokiani, kwenye mashine moja iliyokuwa ikigombaniwa na wanafunzi kumi na wanne, na labda ndiyo maana hana papara. Ukimpelekea laptop yenye shida, haigusi kwanza. Anakuuliza shida ilianza lini, ulikuwa wapi, nani mwingine aliitumia. Watu hukasirika, wanaona kama wanahojiwa polisi. Mimi mwenyewe niliwahi kumnunia siku mbili kwa sababu ya maswali hayo, halafu ikaonekana kweli ni mimi niliyekuwa nimebonyeza kitufe chenye alama ya ndege.

Jumanne moja ya mwezi wa pili, saa nne kasoro, simu yangu iliita nikiwa ghalani napanga mifuko ya mbolea. Alikuwa Jean-Marie, mdogo wake Gaudiose, anayelima kulekule Mishamo. Alikuwa anahema kama mtu anayetembea haraka.

"Kaka Ambrosi, mama tumemleta kituo cha afya usiku. Nimepata gari, nakuja kumchukua dada. Naomba asijue kitu mpaka nifike mwenyewe."

Nikamwambia pole, akasema asante. Nikamuuliza mimi nifanye nini. Akasema nimzuie tu, hata simu asipokee, kisha akakata.

Mtu wa kwetu hahitaji kuelezwa zaidi ya hapo. Mgonjwa aliye hai hakodiwi gari la kumfuata binti yake safari ya saa tatu na zaidi, na habari zake hazifichwi. Kinachofichwa ni kifo. Mjomba wangu alipofariki kule Mamba, niliitwa nikaangalie shamba la mpunga lililoingiliwa na ng'ombe. Nilisafiri nimewakasirikia wenye ng'ombe mpaka nilipoona turubai limefungwa uani. Ndivyo tunavyofanya, na tunafanya kwa huruma. Habari ya msiba mtu haipati akiwa peke yake mbele ya kioo cha kompyuta. Inaletwa na ndugu, mtu akiwa amekaa, na mikono ya kumshika ikiwa karibu. Kwa hiyo nilirudisha simu mfukoni, nikaegemea mifuko, nikamlilia mama yake Gaudiose kimyakimya. Nilimjua yule mama. Alikuwa akija mjini haondoki bila kupita ofisini kutukagua kama tunamlisha vizuri binti yake.

Tatizo lilikuwa hili. Simu ya Gaudiose ilikuwa imepasuka kioo, ipo kwa fundi, lakini WhatsApp yake ilikuwa inaendelea kufanya kazi kwenye laptop. Na kila siku saa nne, wakati wa chai, anampigia mama yake kwa video kupitia simu ya Emelyne, mama yake mdogo. Nikaona picha nzima kichwani: anafungua laptop, anakutana na rambirambi kwenye kundi la familia, pale dirishani, mbele ya wateja wa mbolea.

Nilirudi ofisini karibu nikikimbia. Nikamnong'oneza Edina, mtunza fedha wetu, naye akafunika mdomo kwa kiganja. Gaudiose alikuwa bado kwa meneja. Nikaingia kwenye mipangilio ya ruta, njia ambayo alinifundisha yeye mwenyewe kipindi walevi wa baa ya nyuma walipoijua nywila yetu. Kila kompyuta inajulikana kwenye waifai kwa namba yake. Ukiiweka namba hiyo kwenye orodha ya waliozuiwa, waifai itaonekana imeshika vizuri kabisa lakini hakuna kitakachopita. Nikaiweka namba ya laptop ya Gaudiose, nikahifadhi, nikafunga. Kazi ya dakika mbili, na nilijiona mtu mwenye busara sana.

Alirudi na kikombe cha chai, akafungua laptop, akatazama. Akaiwasha upya. Akaangalia waifai, ikasema imeunganishwa lakini hakuna intaneti. Akauliza kama kwangu ipo. Nilikuwa nimeshafungua ukurasa wa bei za mahindi, sikuweza kusema haipo. Nikasema ipo, ila inasuasua.

Hapo ndipo nilipoanza kuteseka, maana nilikuwa nimemfungia mtu ambaye kazi yake ni kufungua. Aliifuta waifai ya ofisi kwenye kumbukumbu ya laptop, akaingiza nywila upya. Akaangalia tarehe na saa, kwa sababu saa ikikosewa kurasa nyingine hukataa kufunguka. Akazima kinga ya virusi. Akaondoa programu inayoendesha kadi ya waifai, akaisubiri ijirudishe. Akasogeza meza, akaizima ruta na kuiwasha. Kila hatua aliiandika kwenye kidaftari chake, na kila alipomaliza moja nilijua imebaki moja pungufu kabla hajanifikia mimi.

Saa tano akaniomba nimwashie hotspoti ya simu yangu amsalimie mama yake. Nikasema bando limekwisha. Akamgeukia Edina, naye akasema simu yake haina chaji, wakati ipo mezani inacheza wimbo. Gaudiose alimwangalia, akaniangalia na mimi, akarudi kwenye laptop yake. Nilitamani ardhi ipasuke. Nikampigia Jean-Marie nikiwa chooni, hapatikani. Njia ile ina misitu, mtandao hushika hapa ukapotea pale, nikajua yuko barabarani.

Saa saba na dakika kumi aliinuka, akavuta droo, akatoa waya wa mtandao. Nikamwambia aache, twende tukale kwanza. Akasema anataka kumaliza. Akachomeka upande mmoja kwenye laptop, upande mwingine kwenye ruta, akaingia kwenye mipangilio. Alisoma taratibu, kidole kikishuka kwenye kioo. Kidole kikasimama. Kisha akaigeuza laptop nami nione.

"Ambrosi, hii ni namba ya mashine yangu. Nani ameiweka hapa?"

Ningeweza kusema ni meneja. Ningeweza kusema sijui. Nikasema ni mimi.

Akauliza kama amefukuzwa kazi. Nikatikisa kichwa. Akauliza kama kuna kitu kimeibiwa ofisini na yeye ndiye anayeshukiwa. Nikatikisa tena. Nikamwona anaendelea kuondoa sababu moja baada ya nyingine, kama alivyofanya tangu asubuhi. Mikono yake ikatoka kwenye laptop.

"Ni mama?"

Nilipaswa kumwambia amsubiri mdogo wake, lakini macho yake yalinishinda. "Jean-Marie yuko njiani," nikasema. "Pole sana dada yangu. Mama ametutoka."

Hakupiga kelele mara moja. Alitoka kwenye kiti akakaa sakafuni, akavua viatu vyote viwili akaviweka pembeni vizuri, ndipo sauti ikamtoka. Miaka sita tumekaa tukitazamana na sikuwahi kumsikia akipaza sauti. Edina akasukuma viti ukutani, akamfunika kitenge, akaketi naye chini akilia. Wanawake wa mgahawa wa jirani wakaja na aproni zao, nao wakakaa. Meneja akavua kofia, akafunga mlango wa wateja nusu. Mimi nilisimama katikati ya ofisi nisijue mikono yangu niiweke wapi, na pamoja na huzuni yote nilipata nafuu kidogo kwamba angalau amepata watu wa kumshika.

Haikupita robo saa, gari likasimama nje. Jean-Marie akaingia akiwa mwekundu kwa vumbi. Akawaona wanawake sakafuni, akamwona dada yake chini ya kitenge, akasimama palepale. Kisha akanigeukia mimi.

"Amefariki saa ngapi?"

Nilidhani uchungu umemchanganya. Nikamkumbusha kwamba ni yeye aliyenipigia asubuhi. Hakunisikia. Alijishika kichwa, akapiga magoti, akalala kifudifudi mlangoni, huku akirudia maneno mamoja tu.

"Nimemwacha anaongea. Nimemwacha anaongea na mimi."

Kilio kikapanda mara mbili. Nafikiri katika chumba kile ni mimi peke yangu niliyeyasikia vizuri maneno yale. Kama alimwacha anaongea, basi saa nne ile alikuwa hai. Na kama alikuwa hai, nani amesema amekufa? Nilirudi nyuma kwenye mazungumzo yetu ya asubuhi, neno kwa neno, nikitafuta mahali Jean-Marie aliposema kifo. Hapakuwepo. Kifo nilikiweka mimi.

Nilikuwa nimefungua mdomo nimuulize, ndipo laptop ya Gaudiose ikaanza kuita mezani.

Niliifungia waifai, sikuufungia waya. Waya una namba yake nyingine, na tangu Gaudiose alipouchomeka, kila kitu kilikuwa kinaingia wakati sisi tunalia. Kwenye kioo palikuwa na jina la Emelyne, na chini yake simu za video tisa zisizopokelewa, ya kwanza saa nne na nusu asubuhi. Hakuna aliyesogea. Nikapokea mimi.

Alitokea mama yake Gaudiose. Alikuwa amelala, mpira wa dripu mkononi, midomo imekauka, na amekasirika.

"Gaudiose yuko wapi? Tangu asubuhi napiga."

Edina alipiga yowe akakimbilia ukutani. Mwanamke mmoja wa mgahawa akafanya ishara ya msalaba. Mimi nikaishusha laptop na waya wake mpaka sakafuni, mbele ya Gaudiose, kwa jinsi ambavyo mtu angeshusha sufuria ya uji wa moto. Mama akaangalia. Aliwaona wanawake chini, aliviona viti vilivyosukumwa, alimwona binti yake na kitenge kichwani, na nyuma yake mwanawe wa kiume amelala mlangoni.

"Mwana wanje," akasema, yaani mwanangu kwa Kirundi, na hasira ikamwisha. "Hapo kuna msiba? Nani amekufa?"

Kutoka pembeni tukaisikia sauti ya Emelyne ikimweleza Gaudiose haraka haraka. Utumbo wa mama ulikuwa umejisokota. Daktari alikuwa tayari kumpasua tangu kabla ya saa nne, lakini mama amegoma, hapasuliwi mpaka amwone binti yake mkubwa kwa macho. Jean-Marie akaondoka kumfuata. Baada ya yeye kuondoka ndipo Emelyne akapata wazo kwamba kumwona kwenye simu nako ni kuona, akapiga, akapiga tena, na Jean-Marie naye hapatikani. Sasa daktari alikuwa amepita mara ya tatu, akasema wakizidi kuchelewa hatakuwa na cha kufanya.

Karibu saa tatu zilikuwa zimepotea. Nilizihesabu nikiwa nimesimama, tangu simu ile ya kwanza ya Emelyne. Zote zilikuwa zangu.

Gaudiose aliusogelea uso ule kwa magoti. Aligusa kioo kwa ncha za vidole. Nilisubiri anitaje, na nilikuwa radhi kabisa atamke jina langu mbele ya kila mtu.

"Hakuna aliyekufa, mama," akasema, akijifuta kamasi kwa kitenge. "Intaneti ilikuwa inasumbua."

"Na huko kulia?"

"Nilikuogopea. Umeniona sasa. Nakuomba uingie ukapasuliwe."

Mama alimtazama kwa muda, kama anayemkagua. Kisha akasema daktari aitwe, na Emelyne akaiacha simu mezani akakimbia kumwita. Tukabaki tunaona dari tu, na kusikia viatu, na magurudumu ya kitanda yakiondoka.

Gaudiose hakukata simu ile. Jean-Marie alitambaa kutoka mlangoni akakaa karibu na dada yake, akanieleza kwa sauti ya chini kwamba alitaka asijue kwa sababu angepanda pikipiki palepale kwenye njia mbovu ile. Wanawake waliokuja kulia nao hawakuondoka, walihama tu kutoka kwenye msiba wakaingia kwenye kusali, na meneja akaleta viti ambavyo hakuna aliyevikalia. Tulitazama dari la Mishamo mpaka shingo zikauma.

Saa kumi kasoro uso wa Emelyne ulirudi kwenye kioo. Akasema mama ametoka, amefumbua macho, ameuliza kama Gaudiose amekula.

Watu walishangilia, Edina akamkumbatia Jean-Marie na vumbi lake lote. Mimi nikakaa sakafuni nikalia kwa sauti kama aliyefiwa, na Gaudiose akasogea akanishika bega akaniambia pole.