Siku Nilipovider Corbeille Mbele ya Kanisa

Kuna watu wanaanguka kwenye matope ya barabara kubwa siku ya soko, mbele ya wamotari wote na pikipiki zao, wanaamka, wanajipangusa, wanaendelea na safari. Mimi niliaibika nikiwa nimesimama wima, ndani ya shati jeupe, viatu vimepigwa rangi, mbele ya kanisa zima na baba mkwe juu yake, na kama umewahi kupita mtaa wetu hapa Bunia ukasikia mtu anasema "yule ndiye wa Solange", basi jua ni mimi, Baraka, sikatai tena, nimechoka kukataa.

Kazi yangu ni secrétariat public, yaani kale kachumba kenye meza, kompyuta na mashine ya fotokopi, ambako watu wanakuja kuchapiwa barua. Katika kazi hii hakuna anayeandika barua moja mara mbili. Unakuwa na modèle. Barua ya kuomba kazi ni moja kwa mji mzima: unaifungua, unatoa jina la huyu, unaweka la yule, unachapa, mteja anashukuru, anaenda. Sasa kijana aliyezoea hivyo miaka yote, siku akipenda atafanyaje? Nilimwandikia Solange wa Kasenyi, kule ziwani, barua nzuri kabisa, ukurasa mzima, ina ziwa ndani, ina jua la jioni, ina mashavu. Solange akaolewa na mwenye mashua ya injini. Barua ikabaki. Jamani, unaitupa barua nzuri namna ile? Nikaifungua, nikatoa Solange, nikaweka Espérance. Espérance hakujibu mpaka leo. Nikaifungua tena, nikatoa, nikaweka Masika, na Masika akajibu.

Masika alikuwa mwalimu wa darasa la tatu, mwimbaji wa kwaya, na mtoto wa Papa Kambale, mfanyabiashara wa mabati na misumari aliyehamia hapa toka Butembo, shemasi wa kanisa letu, mtu ambaye akikusalimia tu unajikagua kama vifungo vyote vimefungwa. Ile barua Masika aliitia ndani ya Biblia yake. Mama yake akaisoma, mashangazi wakaisoma, na Papa Kambale mwenyewe (haya niliambiwa) aliisoma mara mbili akasema, "Huyu kijana iko na maneno." Sikuwa na shamba, sikuwa na duka, sikuwa na mjomba serikalini, niliingia nyumba ile kwa barua ile peke yake. Siku ya kupeleka mahari ilikuwa imeshapangwa.

Sasa sikilizeni. Kanisa lilikuwa limemaliza kubadilisha paa, maana la zamani risasi zilikuwa zimeligeuza chujio (miaka ile vita vilikuwa vimetulia, lakini mtu akidondosha sufuria unakuta nusu ya mtaa tayari iko chini ya kitanda). Papa Kambale, mkubwa wa kamati ya paa, alitaka kuonyesha picha za kazi Jumapili baada ya ibada. Akaniita Ijumaa.

"Baraka, mutoto yangu, utakuja na kompyuta yako. Tukimaliza, utaniachia wiki moja, kaka yake Masika atachapa rapport ya kamati."

Nikasema ndiyo Papa, nikatabasamu, nikatoka nje. Yule kaka yake Masika nilimjua. Ndiye aliyemrudishia shangazi yao picha za ubatizo zilizokuwa zimefutwa kwenye kompyuta miezi na miezi. Nikakimbia nyumbani, nikazifuta barua zote, kisha kwa wasiwasi nikaenda kwa binamu yangu Dieudonné, fundi wa kompyuta, nikamuuliza kama kufuta kunatosha.

Dieudonné alinicheka. "Weye unafuta, zinaenda mu corbeille, kikapu ya takataka ya mashine. Hata uvider corbeille, uimwage yote, mashine inatoa tu jina kwa mulango. Mutu angali analala ndani."

"Na wa kumtoa kabisa?"

Akanipa programu kwenye flashi. Akaeleza kwamba inaandika takataka juu ya yale yaliyofutwa, inapita mara saba, kila duru dakika ishirini hivi, na mwisho wa kila duru inatoa ripoti. Akaninyooshea kidole: "Lakini usiizime katikati. Disque yako iko muzee. Itakufa na kila kitu, hata picha za baba mukwe."

Nyumbani umeme haukuwepo tangu Alhamisi, na betri yangu ilikuwa haishiki hata nusu saa. Hapo ndipo nilipofanya akili, na akili ile ndiyo iliyoniua. Nilijiambia: kanisani kuna jenereta, ibada inachukua saa tatu, mchungaji wetu hajawahi kuhubiri chini ya saa moja na nusu, nikiwasha programu wimbo wa kwanza, mpaka baraka za mwisho duru saba zimekwisha, nami nakuwa msafi nje na ndani. Jumapili nikafika mapema, nikaweka kompyuta mbele karibu na mashine ya projekta, wimbo wa kwanza ulipoanza nikawasha programu, nikaficha dirisha la programu chini ya zile picha za mabati, nikaenda kukaa.

Ndugu zangu, siku ile mchungaji alihubiri dakika ishirini na tano. Watu waligeuka kutazamana. Alisema hataki kuila kamati ya paa muda wake. Miaka yote namwomba Mungu amfupishie mahubiri, na Mungu anachagua siku ile kunisikia! Duru mbili zilikuwa bado.

Papa Kambale akasimama, koti jeusi, fimbo ndefu mkononi ya kuonyeshea. Shuka jeupe lilikuwa limetandazwa ukutani. Mimi nilikaa kwenye kompyuta kubadilisha picha. Picha ya kwanza: paa la zamani. Ya pili: paa la zamani kutoka upande mwingine. Ya tatu, Papa Kambale na msumari. Alipoanza kueleza urefu wa msumari, dirisha likaruka mbele lenyewe, herufi nene, shuka zima: CORBEILLE VIDÉE. DURU 6 KATI YA 7.

(Kwa mashine iliandikwa Kifaransa chote, nawaandikia kwa Kiswahili mnielewe, lakini neno corbeille lilikuwa vilevile, na hilo ndilo lililoniponza kwanza.) Maana kwetu kanisani, corbeille ni kile kikapu cha sadaka. Na Mama Kavira, mtunza sadaka, mama mnene mwenye sauti ya kuita mtu toka ng'ambo ya mto, alikuwa amekaa mstari wa kwanza.

"Eeh! Nani iko navider corbeille?" Akainuka na kikapu kifuani, akakifunika kwa kitenge. "Corbeille iko hapa kwa miguu yangu! Nani ameivider?"

Kanisa likavuma. Vijana wawili wakaenda kusimama mlangoni asitoke mtu. Nikaanza kueleza kwamba ni corbeille ingine, ya ndani ya mashine, na Mama Kavira akauliza tangu lini kanisa liko na corbeille mbili na kwa nini ya pili iko kwangu. Wakati nabishana naye, chini ya yale maandishi mstari mmoja ukajitokeza: "Barua Solange". Nikabonyeza kila kitufe nilichokijua. Dirisha likajifunga, lakini watu walikuwa wameshasoma.

"Solange ni nani?" Papa Kambale aliuliza taratibu.

Mzee mmoja wa nyuma akanirushia kamba bila kujua: "Si itakuwa jina ya virus? Mashine ya mutoto yangu ilishikwaka na moja, iliitwa jina ya mwanamuke."

"Ndiyo!" nikapiga kelele. "Ni virus! Solange ni virus mbaya sana, Papa, inakula mafaili. Ndiyo maana nimeweka dawa. Dawa inapita mara saba."

Uongo ukiutoa kanisani unakuwa mtamu, sijui kwa nini. Mchungaji alifurahi. Akasimama, akakumbusha watu habari za Naamani aliyejichovya Yordani mara saba akatakasika, kanisa likasema amina, na Mama Kavira akakaa chini ingawa kikapu hakukiachia. Papa Kambale akaweka mkono wake begani kwangu. Masika, pale kwenye kwaya, hakusema amina. Alikuwa ananiangalia kama anavyomwangalia mtoto wa darasa la tatu anayesema mbuzi alikula daftari.

Tukaendelea na picha, na mimi najiambia dakika ishirini, Papa Kambale atakuwa amemaliza. Thubutu! Papa Kambale alikuwa na picha ya kila bati, na kila bati lilikuwa na historia yake, nani alilibeba, nani alilishika, nani alianguka nalo. Ubaya ni kwamba sasa kanisa zima lilikuwa linaingojea duru ya saba. Watoto walisogea mbele. Mtu aliuliza, "Bado?" nikajibu bado, jasho linashuka mpaka kwenye soksi.

Ikafika. Dirisha likaruka, herufi nene: DURU 7 KATI YA 7. YALIYOFUTWA KABISA. Watu wakapiga makofi! Na majina yakaanza kupanda taratibu, moja moja, na mimi nabonyeza, na mashine imeganda, haisikii kitu.

"Barua Solange," kanisa likasoma kwa pamoja, kama zaburi.

"Copie de Barua Solange – Espérance."

Lile neno "Copie de" sikuliandika mimi. Mashine inalitia yenyewe ukinakili faili, na mimi kwa uvivu sikuwahi kulitoa.

"Imefika kwa Espérance," Mama Kavira akasikitika. "Virus hii inaambukiza batu!"

Nilijua kinachofuata. Sikufikiri, niliruka nikasimama mbele ya projekta, mikono nimeitandaza, ili shuka libaki tupu. Na shuka lilibaki tupu kweli. Lakini mimi nilikuwa nimevaa shati jeupe. Nikaona macho ya watu wote yanashuka toka ukutani, yanatua kifuani kwangu. Mtoto mmoja akasoma kwa sauti, silabi kwa silabi, kwa fahari ya mtu aliyejua kusoma juzi: "Co-pie de Ba-ru-a So-lan-ge, Ma-si-ka."

Nikageuka, ikahamia mgongoni. Wakasoma mgongoni: "Majibu Papa Kambale Akiuliza Mshahara."

Papa Kambale akaiweka fimbo chini.

"Kwa hiyo," Papa Kambale akasema, na sauti yake haikupanda hata kidogo, "ile barua yenye nilisoma mara mbili, ilikuwa fotokopi."

Hata lile jibu nililokuwa nimeliandaa la mshahara lilikuwa limeshafutwa mara saba. Kuna aliyeanza kucheka kule nyuma, akajizuia, akashindwa, na hapo kanisa likabomoka. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, mchungaji aligeukia ukuta mabega yanatikisika. Niliona Masika anachukua Biblia yake, anapita katikati ya viti, anatoka. Kicheko chote kile hakikuniuma. Mgongo wake ndio ulioniuma.

Jumanne wakaniita nyumbani kwao. Nilikwenda kama mtu anayekwenda kusomewa hukumu. Nilijua mahari imevunjika, na kusema kweli nilikuwa nimelia. Papa Kambale alikuwa kwenye kiti chake, hakunipa mkono. Masika akaingia na ile barua, akaifungua juu ya meza, akaweka kidole mstari wa kumi na moja. Nikainama kusoma. Pale palipotakiwa kusema "mashavu yako, Masika", palikuwa na jina limekatwa kwa kalamu ya Bic, limekatwa na kukatwa, na juu yake, kwa mwandiko safi wa mwalimu: Masika. Hapo tu nilikuwa nimesahau kubadilisha.

"Ulijua?" nikamuuliza.

"Tangu siku ya kwanza. Nilikata kwanza, mama asione."

"Na ukanijibu?"

"Nilisema labda huyu mutu, siku moja, ataniandikia ya kwangu. Nikangoja." Akainua karatasi mbele ya dirisha, jua likapita ndani yake. "Nilikata mara mingi, Baraka. Lakini nikiinua hivi, Solange iko anaonekana."

Nilitamani anitukane, ingekuwa nafuu. Hakunitukana. Akachana karatasi katikati ya daftari la shule, akaniwekea na kalamu. "Andika. Hapa. Bila mashine. Papa ataangalia."

Mimi niliyeichapia barua nusu ya mji, nilikaa saa nzima na kalamu mkononi, mbele ya mzee anayehesabu pumzi zangu. Ziwa halikuja. Jua la jioni halikuja. Niliandika mistari minne: kwamba ninamwogopa baba yake, kwamba sauti yake kwenye kwaya naijua hata wakiimba arobaini, kwamba Jumapili alipotoka nilitaka kufa, kwamba anisamehe. Masika akaisoma. Akatoa kalamu nyekundu kwenye nywele, akasahihisha makosa mawili, akampa baba yake, na Papa Kambale akavaa miwani, akasoma mara moja tu, akairudisha, akaenda zake dukani bila kusema neno, na Masika akaniambia hiyo ndiyo "ndiyo" yake.

"Iko na makosa," akasema, akaikunja. "Lakini ni ya kwangu."

Tulioana. Na mimi niliapa: hapa kwangu nitakuchapia barua ya kazi, ya kukodi nyumba, ya malalamiko kwa chifu, hata hotuba ya mazishi. Lakini akija kijana anataka barua ya mchumba, nampa karatasi tupu na kalamu, namwonyesha benchi kule nje. Wengine wanakasirika, wanaenda kuchapiwa kwa jirani. Waende.