Wagonjwa wa Mzabibu

Mama mkwe wangu alikuwa na mzabibu uani, uliotokana na kijiti alicholetewa na kaka yake kutoka Maskati. Nilipoolewa nyumbani kwake, pale Bagamoyo, miaka ile baada ya vita vya pili, ndio ulikuwa mzabibu pekee mtaani. Zabibu zake zilikuwa tamu mno, lakini kuzila ilikuwa lazima uugue. Mama alishikilia kwamba zile ni dawa: zinaongeza damu, zinalainisha choo, na zinamrudishia nguvu mtu aliyetoka kwenye homa. Mwenye afya alipewa embe.

Basi zikiiva, mtaa mzima uliugua. Mwalimu wa chuo cha Kurani alikuja na kizunguzungu. Jirani yetu alikuwa hajapata choo tangu Ijumaa, na aliyasema hayo mbele ya wageni bila haya. Baba mkwe ndiye aliyezidi. Alijilaza barazani, kilemba usoni, akinong'ona kwamba damu imemwisha.

"Imekwenda wapi?" mkewe akamwuliza.

"Nitajuaje, mke wangu? Mimi mgonjwa tu."

Mwaka huo Mama akachoka. Akachemsha shubiri sufuria nzima, akatangaza kuwa kila mgonjwa atakunywa kikombe kwanza, ndipo apewe zabibu. Mwalimu akakumbuka kwamba wanafunzi wanamngoja. Jirani akasema anahisi tumbo linaanza kufunguka. Baba mkwe peke yake alikunywa, machozi yakamtoka, akala kishada chake, kisha akaomba kikombe cha pili.

Mimi siku hizo nilikuwa natapika kweli. Harufu ya samaki tu ilinitoa mbio jikoni, na niliona haya kusema. Nikasogea, nikanyoosha mkono nipewe shubiri. Mama akakiondoa kikombe, akanivuta pembeni, akaninong'oneza:

"Wewe usiiguse kabisa, mwanangu. Siku zako umeziona lini?"

Nikainama. Hakuuliza tena. Akakata vishada vyote vilivyobaki, akavisuuza, akaniwekea sinia mapajani. Zabibu zilikuwa baridi, zimejaa maji, na ndicho chakula cha kwanza kilichotulia tumboni mwangu wiki ile.

Baba mkwe, ambaye sasa alikuwa na kikombe cha tatu mkononi, akauliza kwa upole ni ugonjwa gani hasa nilionao, ili naye ajiangalie kama anao.