Mahari ya ng'ombe mmoja

Mpaka leo sijui kama yule muzee alikuwa akiigiza. Hoteli moja hapa Goma huwapa wasafiri chakula cha jioni chenye mchezo wa harusi: wageni huwa ukoo wa bwana harusi, na chakula hakiletwi mpaka mahari yakubaliwe. Muzee huyo, mkimbizi wa Masisi, alicheza baba wa bibi harusi.

Jioni niliyokuwa miongoni mwa wageni, msafiri mmoja, mfanyabiashara wa Butembo, akaahidi mbuzi kumi.

"Papa, kwetu mutoto haendi kwa mbuzi!" muzee akamkatalia.

"Muzee, njaa inatuua!"

"Ng'ombe zangu zote vita ilikula. Leo nataka hata moja."

Tukakubali ng'ombe mmoja. Mfanyabiashara mwenyewe akavua koti, akatambaa kati ya meza akilia kama ng'ombe. Muzee akamkagua meno.

"Huyu anafaa. Mulete chakula!"