Siku Kumi na Tisa za Merrilyn Schubert

Merrilyn Schubert hakuwa daktari wala profesa. Alikuwa fundi wa maabara katika taasisi moja ya saratani mjini Adelaide, na kwa miaka ishirini na sita kazi yake ilikuwa kupaka seli rangi na kuzihesabu. Nilikaa meza ya pili kutoka yake kwa miaka kumi na mmoja. Sijaona mtu mwangalifu kumshinda, wala mwenye kinyongo kama chake.

Seli alizozihesabu ni zile zilizozeeka. Ziko dawa za saratani ambazo haziui seli, huzisimamisha tu. Seli hubaki hai, hutanuka na kulala bapa kama mayai ya kukaanga, lakini hazizaani tena. Zikiachwa muda mrefu huanza kuwachokoza majirani zao, ndiyo maana hufuatishwa dawa ya pili ya kuzimaliza. Ili kujua kama zimezeeka kweli tunazitia rangi maalumu, na zilizozeeka hugeuka buluu. Ila sahani zenye rangi hiyo haziwekwi kamwe kwenye kabati la joto lenye gesi ya kaboni, tunamokuzia seli. Gesi huongeza asidi, na hapo hata seli changa hugeuka buluu. Merrilyn aliwaambia wageni jambo hili siku yao ya kwanza, kabla hata ya kuwaonyesha choo.

Aliyemtia kinyongo ni Des Pryor, mkuu wetu. Merrilyn ndiye aliyeona kwamba kidonge kimoja kipya kinazeesha seli za saratani ya kongosho. Makala ilipochapishwa jina lake halikuwamo. Alimuuliza Des mbele ya watu, wakati wa chai ya saa nne na nusu, na Des akamjibu huku akikata keki ya kusherehekea makala hiyohiyo.

"Merri, wewe ni mikono yetu. Mikono haiandiki makala."

"Basi nyie mnaandikia nini, Des? Masikio?"

Tulicheka. Yeye hakucheka, na tangu siku ile alianza kungoja.

Alingoja miaka miwili. Kisha ikaja wikendi ndefu ya mwezi Machi, mafundi wote wakiwa likizo, na Des, aliyekuwa akikimbizana na tarehe ya kupanga dozi kwa wagonjwa, akatia rangi mwenyewe. Jumanne asubuhi Merrilyn alifungua kabati la gesi akakuta sahani zenye mwandiko wa Des. Zote zilikuwa buluu, hata ile ya seli zisizopewa dawa kabisa. Akafunga mlango polepole. Jioni Des alipozitupa, Merrilyn aliziokota kwenye taka, akazitia gliserini, akazificha kwenye friji nyuma ya chupa za zamani.

Wiki moja baadaye ripoti ilitoka. Ilisema nusu ya dozi inatosha kuzeesha uvimbe. Picha ya seli zisizopewa dawa, ya kulinganishia, ilikuwa safi, haina buluu. Merrilyn aliitambua. Ilikuwa picha yake ya miaka miwili nyuma, yenye mkwaruzo kama ndoana kwenye pembe. Kwa hiyo Des alijua, na alikuwa ameficha.

Angeweza kusema siku hiyo. Badala yake alikata tiketi ya Sydney, ambako Des angeonyesha picha ile mbele ya wataalamu mia sita. Alitunga swali moja la kumwuliza na kulirudia kila asubuhi ndani ya gari. Wagonjwa wangeanza vidonge siku nne baada ya mkutano, basi alijihakikishia kwamba hakuna atakayeumia. Alinieleza haya baadaye, bila kujitetea.

Siku ya kumi na tisa, wakati wa chai, muuguzi wetu Trudi Pascoe alikuwa akilalamika. Wagonjwa saba waliochaguliwa walikuwa wameachishwa dawa zao za zamani, ili miili isafike kabla ya kuanza vidonge. Mmoja, dereva wa basi la shule kutoka Murray Bridge, maumivu yalikuwa yamemrudia.

"Anavumilia," Trudi alisema. "Anauliza kama tunaweza kumsogezea tarehe."

Merrilyn akauliza wameachishwa lini. Trudi akasema siku kumi na mbili, tangu ripoti ya Des ipite.

Aliacha kikombe kimejaa, akatoa sahani kwenye friji, akapanda ghorofa ya nne kwa kamati ya maadili akiwa na koti la maabara. Jaribio lilisimamishwa mchana uleule. Des aliitwa, akakana mpaka walipomwonyesha mkwaruzo.

"Umefurahi sasa?" Des alimuuliza Merrilyn.

"Nilitaka watu mia sita wakuone. Nimepata watano. Si haba."

Ndipo mwenyekiti wa kamati, jaji mstaafu, alipomuuliza Merrilyn alijua lini. Hakuna aliyekuwa na ushahidi wowote. Angeweza kujibu kwamba amegundua asubuhi ileile, akatoka shujaa.

"Siku kumi na tisa zilizopita," alisema.

Wote wawili walifukuzwa kazi. Wapo wenzetu walioona kwamba Merrilyn ameonewa. Mimi siafiki. Aliyekuwa na ukweli mkononi na akauweka kwenye friji mpaka uwe silaha, naye amewatumia wagonjwa, kama Des alivyowatumia.

Dereva alirudishiwa dawa yake ya zamani wiki ileile. Haikumshika kama mwanzo, na alikufa Septemba. Madaktari walisema huenda ni ugonjwa wenyewe, pengine siku zile hazikubadili kitu. Nilimpelekea Merrilyn maneno hayo nyumbani kwake nikidhani yatampa nafuu. Merrilyn bado anamchukia Des kwa moyo wote, na hilo halifichi. Lakini aliponisikiliza mpaka mwisho aliniambia nisiyarudie tena mbele yake, akaenda kufungua mlango ili niondoke.