Kipande cha Ngisi Tulichokishika Wawili

Mkahawa mzima ulinyamaza kwa sababu ya kipande kimoja cha ngisi.

Hakuna aliyepaliwa. Hakuna aliyevunja kitu. Ni mimi tu na mwanangu Shuhei, tumekaa kaunta ya watu wazito pale Ginza, jijini Tokyo, mchana kweupe, tumekishika kipande kile kwa pamoja. Vijiti vyangu upande huu, vyake upande ule.

Na hakuna kati yetu aliyeweza kuachia.

Ngoja niwasimulie tulivyofika hapo.

Naitwa Tazuko. Naishi Himi, mji mdogo wa pwani, juu ya duka la kinyozi la marehemu mume wangu, Eikichi. Alifariki mwezi wa pili, theluji bado imejaa mlangoni. Aliinama kuokota taulo, hakuinuka.

Sikulia.

Watu walikuja, wakainama mbele ya picha yake, wakalia wao. Mimi nikawa nawamiminia chai.

Jirani yangu, mama Hokari, alikuwa anakuja alfajiri kuniondolea theluji mlangoni, akidhani nimelala. Nilikuwa namsikia na koleo lake. Hata kumwambia asante sikuweza, na wala si kiburi, jamani. Nilikuwa kama mguu uliokaliwa ukafa ganzi. Unaugusa, haukwambii kitu.

Chakula nacho kikafa. Wali, supu, samaki, vyote karatasi tupu mdomoni.

Shuhei ndiye aliyeshika kila kitu. Ana miaka arobaini na kitu, hajaoa, anaishi Tokyo peke yake, kazi yake ni mambo ya bima. Alipiga simu hekaluni, akapanga matanga, akapima kabati langu kwa futi ya chuma aone kama litaingia kwenye fleti yake. Chozi hata moja halikumtoka. Nikasema moyoni, huyu kachukua ugumu wa nani?

"Mama, huwezi kukaa hapa peke yako."

"Kama unavyoona wewe."

"Utahamia kwangu. Nyumba tumpe dalali auze."

"Kama unavyoona wewe."

"Mama! Ni nyumba yako hiyo. Hebu fikiria kwanza."

Matanga yalipoisha akaniita Tokyo, nimpe jibu la mwisho. Jumatatu yake dalali anakabidhiwa funguo, na yule ana mteja tayari, anataka kuvunja ajenge maegesho ya magari.

Jibu nilikuwa nalo. Lile lile. Nyumba niliyoingia nikiwa bibi harusi, nilikuwa naiachia kama mtu anayempisha mwenzake mlangoni.

Basi akanipeleka kwenye mkahawa huo wa sushi.

"Mama, usipake manukato. Fundi wa sushi hapendi."

"Manukato ya nini, mwanangu, na uzee huu?"

Lakini nilikuwa nimesahau ubani. Kila asubuhi nauwasha mbele ya picha ya Eikichi, na ulikuwa umenikolea kwenye kimono hadi kwenye bitana. Tulipoketi, dada mmoja mwenye kucha ndefu akakunja pua.

Fundi alikuwa anaitwa Oginuma. Kichwa kimenyolewa, mikono safi kama ya mkunga. Alimwona yule dada. Akanigeukia mimi, akainamisha kichwa kidogo.

"Karibu sana, mama. Umetoka mbali."

Basi. Lakini baada ya hapo alinipa chai ya moto kabla ya wote, na kikombe akakizungusha ili upande mzuri unielekee mimi.

Sehemu kama ile huagizi chochote. Unakaa, unamwachia fundi, yeye anakukandia kipande kimoja kimoja cha samaki juu ya wali, unakila kikiwa bado na joto la kiganja chake. Nikajisemea, hapa ndipo pangu. Hata kuchagua sichagui.

Pembeni yangu alikaa mzee mwenye uso mwekundu, Bwana Kusano, mteja wa siku nyingi. Pombe ya mchele ilishamchangamsha.

"Bibi! Mara ya kwanza hapa?"

"Ya kwanza."

"Basi shika kaunta kwa nguvu. Huyu Oginuma anaua watu kwa utamu. Mimi nimeshakufa mara nyingi, mke wangu kachoka kuzika!"

"Kusano, kula," fundi akasema. "Kinapoa."

"Unaona? Nalipa pesa yangu halafu natukanwa. Ndiyo maana narudi."

Watu wakacheka. Shuhei hakucheka. Nami sikucheka.

Jodari alikuja, akapita. Karatasi. Mkunga, yule samaki mrefu kama nyoka, akaja, ananyunyiziwa ndimu mbele yangu, watu wanaguna kwa utamu. Karatasi. Nilitafuna polepole kwa heshima ya fundi. Baada ya vipande viwili vitatu nikagundua wali kwenye vipande vyangu umepungua. Hakuniuliza, hakuniambia. Aliona tu ninavyomeza kwa taabu, akanipunguzia.

"Mama," Shuhei akaanza, sauti ya ofisini, "kuhusu Jumatatu. Umeamua?"

"Subiri nimalize hiki."

Kilikuwa kipande cha ngisi, bila wali, cheupe kabisa, kimechanjwa chanjwa juu. Nikakiinua.

"Nimeshiba. Kula wewe."

Nikamnyooshea. Ngisi akaanza kuteleza kwenye vijiti vyangu, anataka kuanguka. Shuhei akawahi, akanyoosha vyake, akakidaka upande wa pili.

Ndipo kaunta nzima iliponyamaza.

Kwetu hata mtoto mdogo hupigwa kibao cha mkono kwa kosa hilo. Watu wawili kushika kitu kimoja kwa vijiti ni jambo la siku moja tu. Ni pale mwili unapokwisha kuchomwa, ndugu mnasimama wawili wawili mbele ya majivu, mnaokota mifupa, mnatia kwenye chungu.

Mimi na Shuhei ndio tuliomwokota baba yake. Mimi upande huu, yeye ule.

Mikono ilikuwa imejifunza. Ikafanya tena, yenyewe, katikati ya watu wanaokula.

Nilitaka kuachia. Vidole vikakataa. Nikamtazama mwanangu, na yeye alikuwa anakitazama kile kipande cheupe, midomo imemkauka.

Dada wa kucha ndefu akafunika mdomo. "Jamani, mkosi huu!"

Ghafla Bwana Kusano akapiga meza. "Eti mnajua nilivyodondokea kwenye bwawa la samaki siku ya harusi ya binti yangu? Nimevaa suti ya kuazima! Wewe dada, geuka huku nikwambie, maana na wewe ipo siku utaolewa!"

Vichwa vyote vikageuka kwake. Alipiga kelele, akaiga samaki, akajimwagia pombe kifuani. Mpaka leo naamini hakuwahi kudondoka kwenye bwawa lolote.

Wakati huo fundi alileta kisahani, akakisogeza chini ya vijiti vyetu.

"Ngisi huyu anateleza hata kwangu," akasema kwa sauti ya chini. "Kosa langu. Niachieni mimi."

Tukaachia. Akaondoa kipande, akaondoa na vijiti vyetu vyote, akatuwekea vipya.

Shuhei aliweka mikono mapajani.

"Mama, unasikia ladha yoyote?"

"Ya ngisi?"

"Ya chochote. Tangu tumekaa."

Ningeweza kumdanganya. Kagharimika mtoto wa watu.

"Hapana, mwanangu. Tangu siku ile sisikii kitu."

Akatikisa kichwa taratibu.

"Mimi pia."

Nikadhani sijasikia vizuri.

"Nimeshakwenda kila mahali. Mchana natoka ofisini naingia migahawa ya bei, nasema labda hapa. Nakula kama natafuna tiketi ya treni. Nikasema nikuletee wewe, wewe unajua samaki, ukisema ni mtamu basi nami nitaamini."

"Shuhei..."

"Nilikuwa nasema huwezi kukaa peke yako, Mama. Ni mimi." Sauti ya ofisini ilikuwa imekwisha. "Narudi kwenye ile fleti, nawasha taa, nasimama tu mlangoni na viatu. Ni mimi siwezi."

Kumbe ndivyo. Lile kabati alilolipima, simu zile zote, dalali. Mimi nilidhani ananibeba. Kumbe alikuwa ananishika asianguke.

Sikulia hata hapo, niwe mkweli. Ganzi haikutoka. Lakini ndani ya ganzi ile nililiona jambo moja wazi kabisa, kama kitu kilichowekwa mezani: huyu ni mtoto wangu, na hajala.

"Sihami," nikasema.

"Mama?"

"Nyumba haiuzwi. Mpigie dalali leo, akatafute maegesho kwingine. Nawe kila Ijumaa ukitoka kazini unapanda treni unakuja nyumbani. Jumapili unarudi."

"Kila Ijumaa? Mama, kazi..."

"Kama ninavyoona mimi."

Akanikodolea macho. Halafu akatoa pumzi puani, nusu kicheko.

Mwisho kabisa, fundi huwa anampitia kila mteja. Akafika kwangu.

"Mama, vipande nilivyopanga vimekwisha. Kuna kitu ungependa nikuongezee?"

"Una tango?"

"Tango lipo."

"Nikunjie kwa mwani na wali. Kama la watoto. Usitie ile pilipili ya kijani inayopanda puani. Ni la huyu."

"Bibi!" Kusano akashika kichwa. "Unakuja Ginza kula tango! Oginuma, umefilisika leo!"

"Nyamaza," fundi akasema, na tayari alikuwa analimenya. "Usipoangalia nitakukunja wewe."

Alilikunja kwa uangalifu ule ule aliompa jodari. Shuhei akachukua kipande kwa vidole, akatia mdomoni.

"Vipi?" nikamuuliza.

Akatafuna kwanza.

"Hakuna kitu, Mama."

"Haya. Nipe na mimi kimoja."

Akanipa mkononi. Kilikuwa karatasi, kama vingine. Tukakaa pale tukitafuna matango yetu, bega kwa bega, hadi sahani ikaisha.

Jamaa zangu mnaosoma huku, bibi yenu ana neno moja tu. Kwenye msiba, yule anayelia mtamshika bila kuambiwa. Mtazameni na yule anayepanga viti na kupiga simu. Ketini naye, mwekeeni sahani, na msimhimize kusema ni tamu.